Ndege wa kichaka cha baba

KAKA yangu mkubwa alipofahamu kwamba nimetoka Nairobi na binti yangu, tukiwa na darubini ya kuazima na kitabu cha ndege, eti tumekuja Mwea kutafuta ndege, alicheka mpaka akajishika mbavu.

“Kutafuta ndege!” alisema huku akijipangusa machozi. “Sisi huku hatupumui kwa sababu ya ndege. Tunawaamia tangu alfajiri hadi jua linapotua. Kama ni ndege mnaotaka, wachukueni wote, na nauli ya kurudi nitalipa mimi.”

Shemeji alicheka. Vijana waliokuwa wakipakia magunia kwenye bodaboda walicheka. Nami nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha aibu. Msomaji, ikiwa ulizaliwa mashambani kisha ukahamia jijini, bila shaka waijua aibu hiyo. Unarudi nyumbani kama mgeni, umevaa viatu vya kuogopa matope, na kila unachokistaajabia wewe ni kero kwa wenyeji.

Safari yenyewe haikuwa wazo langu. Binti yangu ana umri wa miaka 13, yuko Gredi ya Nane, na ni mwanachama wa chama cha wanyamapori shuleni mwao. Jioni moja mwezi wa Oktoba alinijia sebuleni, kitabu kikiwa wazi mikononi mwake.

“Baba, unamjua huyu?”

Nilitazama picha. Alikuwa ndege wa kahawia, mkubwa kidogo kuliko shore, mwenye jicho jekundu na mabaka meupe yaliyotapakaa kichwani na kifuani kama aliyerushiwa chokaa na fundi mlevi. Nikasema simjui.

“Anaitwa zogoyogo wa Hinde. Hapatikani popote duniani ila Kenya. Tazama ramani, baba. Ni kwenu!”

Kwenu. Neno hilo lilinichoma. Mtoto wangu amezaliwa na kulelewa Nairobi. Mashambani amefika kwa mazishi na kwa Krismasi mbili tatu, na hata siku moja sijamsikia akiita mahali pale “kwetu”. Usiku ule sikupata usingizi upesi. Kulipokucha nilimwambia kwamba shule zikifungwa tutakwenda kumtafuta ndege huyo, yeye na mimi.

Kwanza nilisoma kidogo, nisije nikaumbuliwa na mtoto. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, lakini wale wasiopatikana nchi nyingine yoyote ni kama 10 tu. Zogoyogo huyu ni mmoja wao. Mtaalamu wa Uingereza, Bowdler Sharpe, ndiye aliyemweleza katika maandishi ya sayansi mwaka wa 1900. Makao yake ni mabonde ya mito upande wa kusini na mashariki wa Mlima Kenya, Mukurweini, Kirinyaga na Embu, hadi kule Machakos. Idadi yao hukisiwa kuwa maelfu machache tu, nao wamo katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari ya kuangamia.

Jambo moja lilinishangaza. Nilidhani ndege adimu huishi katika msitu mkubwa, mbali na watu. Kumbe huyu huishi katikati ya mashamba, ndani ya vichaka vinavyobaki kandokando ya maji, mahali ambapo jembe halijafika.

Basi Novemba iliyopita tukafunga safari. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi, kupitia Thika hadi Makutano, kisha unaingia mkono wa kulia kwa barabara ya Embu. Ukivuka tambarare kavu, mara macho yako yanapokewa na mpunga uliotanda kama zulia, na mifereji imenyooka kama iliyochorwa kwa rula.

Nilimweleza binti yangu habari za mifereji hiyo. Ile ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini. Maji yanatoka mito ya Thiba na Nyamindi. Baada ya Uhuru watu walizidi kupewa mashamba, kila mkulima ekari nne za mpunga. Marehemu baba yetu alikuwa mmoja wao. Alipozeeka, shamba lile lilikwenda kwa mrithi mmoja, kwani sheria za mradi hazikuruhusu ligawanywe kama mkate. Mrithi alikuwa kaka. Mimi nikapewa karo, nikaenda zangu Nairobi.

Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema ili uelewe yaliyotokea baadaye.

Siku ya kwanza tulidamka saa kumi na moja, tukafuata mfereji unaopita kati ya majaruba. Mpunga ulikuwa umejaa maziwa, tayari kuiva, na kote tulisikia makelele ya watu. Wengine walipiga madebe. Wengine walirusha matope kwa makombeo. Kulikuwa na kamba zilizofungwa mifuko ya plastiki, na vinyago vilivyovishwa makoti yaliyochakaa.

Vita hivyo vyote ni vya kupigana na kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu. Mmoja wao hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Utaona si kitu. Lakini kwelea hawatembei mmoja mmoja. Huja kama wingu. Wakiwa milioni moja, hizo ni tani 10 kwa siku moja.

Tulimkuta mama mmoja ameketi juu ya tuta, kombeo begani, kikapu cha githeri kando yake. Binti yangu alimwamkia kwa adabu, kisha akamwonyesha picha kitabuni.

“Huyu hayuko kwa mpunga,” mama alisema baada ya kuitazama kwa makini. “Huyu hali mpunga. Kama angekuwa anakula mpunga ningemjua.”

“Na kwelea wakizidi mnafanyaje, mama?”

“Serikali inaleta dawa, inanyunyizwa wanakolala. Wanakufa wengi. Lakini dawa haichagui, mwanangu. Asubuhi unakuta na mwewe amelala hapo chini, na bundi. Sasa wao walikuwa wamekosa nini?”

Tulishinda kutwa nzima tukipanda na kushuka kingo za mifereji. Tuliona yangeyange weupe wakifuata miguu ya ng'ombe waliokuwa wakivuta plau. Tuliona kwarara, korongo na mdiria wa rangi ya samawati aliyekuwa akivua juu ya mlango wa maji. Zogoyogo hatukumwona. Saa tisa mvua ilitupiga, tukarudi tumeloa chapachapa.

Jioni ile, tukiwa jikoni tunaota moto na kunywa chai, kaka aliniambia, “Wale vijana wa kufyeka watakuja Jumatatu. Nimewapa nusu ya pesa.”

“Kufyeka nini?”

“Umesahau? Ile sehemu ya baba kule juu, karibu na mto. Nilikupigia simu mwezi wa Agosti, ukasema nikate tu.”

Ni kweli. Nilikuwa nimesimama katika foleni ya benki alipopiga. Kipande hicho ni cha robo ekari tu, nje ya mradi, na baba alikinunua kwa pesa yake. Hatukukigawanya, ni chetu sote wawili. Kimekaa miaka bila kulimwa, kikamea magugu. Kaka alitaka kupanda nyanya apate ada ya kijana wake wa mwisho. Nami nilimjibu kwa haraka, “Kata tu, kaka.” Sijui kama mazungumzo yale yalimaliza hata dakika moja.

“Sawa,” nilisema, nikaendelea kunywa chai yangu.

Siku ya pili tuliamua kufuata mfereji mkuu kuelekea unakotoka, kwenye mto. Kadiri tulivyopanda ndivyo mandhari yalivyobadilika. Mpunga ulibaki nyuma, yakaja mahindi, migomba na mikahawa. Mfereji uliingia katika bonde, mto ukasikika ukinguruma chini, na kati ya mto na mfereji kulikuwa na ukanda mwembamba wa vichaka.

Karibu saa mbili na nusu binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. “Baba! Wale!”

Ndege watano walikuwa wakirukaruka chini ya migomba. Moyo ulinidunda. Nikainua darubini. Vifua vyao vilikuwa vyeupe pe, visafi, kila mmoja sawa na mwenzake. Binti yangu alifungua kitabu, akasoma, uso ukamshuka.

“Ni zogoyogo, lakini si yeye. Huyu ni yule wa kifua cheupe. Hawa wako wengi.” Akafunga kitabu. “Wetu hawafanani. Kila mmoja ana mabaka yake.”

Niliona yu karibu kulia, ingawa watoto wa umri huo hawataki kuonekana wakilia. Nikamwambia tutembee mpaka kona ile mbele, kisha turudi tukanywe chai. Kusema kweli nilikuwa nimekata tamaa. Magoti yalikuwa yakiniuma.

Kwenye kona ile palikuwa na kichaka kikubwa cha lantana, ule mmea wa maua mekundu na manjano ambao wengi wetu tulikula matunda yake tukichunga mbuzi. Kilikuwa kimefungamana hata kuku asingeweza kupenya. Tulisimama ili nifunge kamba za kiatu.

Ndipo tuliposikia kelele. Ilikuwa kelele ya ukali, ya wengi kwa pamoja, kama akina mama wanaogombania mtungi kisimani. Ilianza mmoja, akaitikiwa na wa pili, kisha wote wakalipuka. Majani yakatikisika. Akatokea mmoja kwenye tawi la chini, akatukazia macho.

Jicho lilikuwa jekundu. Kichwa chake kilikuwa na mabaka meupe, mbavu zake za rangi ya mdalasini. Akafuata wa pili, mweusi zaidi, mwenye weupe shingoni tu. Wa tatu alikuwa kana kwamba amemwagiwa unga. Binti yangu alihesabu kwa mnong'ono, “Wanne... watano... sita.” Hapakuwa na wawili waliofanana.

Tulikaa chini kwenye matope, tusijali nguo. Kwa muda wa nusu saa hivi tuliwatazama wakichakura majani makavu wakitafuta wadudu. Mmoja alibaki juu akilinda, wengine wakila. Baadaye tulimwona wa saba, kinda mwenye mkia mfupi, akitetemesha mabawa na kufungua mdomo. Mmoja akamlisha. Halafu akaja mwingine akamlisha. Halafu wa tatu.

“Mama yake ni yupi?” niliuliza.

“Kitabu kinasema wote wanamlea,” binti yangu alijibu bila kuondoa darubini machoni. “Kaka, dada, shangazi, wote.”

Niliinuka kujinyoosha mgongo, nikatazama ng'ambo ya kichaka. Hapo ndipo nilipoona mti wa mvule wenye tawi lililovunjika, na chini yake jiwe pana. Mwili ulinifa ganzi. Jiwe lile nililijua. Baba alikuwa akinolea panga lake juu yake. Sikuwa nimefika mahali pale kwa miaka zaidi ya 10, na siku zote nilikuwa nikija kwa njia ya barabarani, si kwa njia ya mfereji.

Kichaka kile kilikuwa chetu. Ilikuwa siku ya Jumamosi, na vijana wa kufyeka walikuwa wakija Jumatatu.

Msomaji, sitakuficha kitu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Tungerudi Nairobi Jumapili, binti yangu akaandika habari yake ya kusifiwa, na mimi nisingeona panga likifanya kazi. Lakini njiani mtoto alikuwa akiimba, na tulipokaribia nyumbani alisema, “Baba, Krismasi tukija kwetu tutawaangalia tena.”

Alisema kwetu. Sasa ningenyamaza vipi?

Nilimwambia kaka baada ya chakula cha mchana. Hakucheka mara hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema kijiti cha meno.

“Nakuuliza jambo moja,” alisema. “Ada ya kijana itatolewa na ndege?”

Sikuwa na jibu.

“Wewe ulisoma kwa mpunga huu,” aliendelea, wala hakupandisha sauti. “Mimi niliamia ndege ili wewe uende shule. Nilikuwa na kombeo mkononi wewe ukiwa na kalamu. Leo umerudi na miwani hiyo ya mbali kuniambia ndege asifukuzwe. Na lantana hiyo unayoililia ni gugu. Ng'ombe akiila anaugua. Afisa wa kilimo mwenyewe alituambia tuing'oe.”

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Lantana ililetwa kutoka bara la Amerika, na imekuwa balaa katika malisho mengi. Lakini vichaka vya asili vya mabonde yale vilikatwa zamani tukapanda kahawa, mahindi na maharagwe, na zogoyogo hakuwa na pa kwenda. Aliingia ndani ya gugu hilo kama mtu aliyebomolewa nyumba anavyojisitiri chini ya mabati. Ukiling'oa siku moja bila kupanda kitu kingine, umemaliza na ndege.

Binti yangu, ambaye alikuwa kimya kwenye kigoda, ndiye aliyeuliza, “Baba mkubwa, umewahi kuwaona?”

“Nimewasikia. Wapiga kelele hao. Babu yako alikuwa akisema wakinyamaza, kuna nyoka au mtu.”

“Twende nikuonyeshe kinda lao.”

Nilidhani atakataa. Kaka yangu ana miaka 61 na kazi haimwishi. Lakini kumkatalia mtoto wa ndugu yako si jambo rahisi. Alichukua kofia yake, tukaenda sote watatu. Alishika darubini kinyume kwanza, binti yangu akamgeuzia. Alitazama kwa muda mrefu.

“Hawafanani hata kidogo,” alisema mwishowe. “Kama watoto wa baba yetu.”

Tuliketi juu ya jiwe la baba, tukazungumza. Si juu ya ndege tu. Tulizungumza kuhusu mambo ambayo hatukuwa tumeyagusa tangu mazishi: nani alibeba mzigo upi, na nani alidhani amesahauliwa. Nilimwomba radhi kwa simu ile ya Agosti. Nilikuwa nimetoa ruhusa juu ya mali ya baba nikiwa katika foleni, kama mtu anayejibu bei ya nyanya.

Tulikubaliana hivi. Upande wa barabarani, karibu nusu ya kipande, utafyekwa apande nyanya zake. Ukanda wa kati ya mto na mfereji utaachwa. Kwanza, hata sheria hairuhusu kulima hadi kwenye kingo za mto, na mvua zikija kichaka hicho ndicho kinachozuia udongo usiporomoke. Kidogo kidogo tutapanda miti na vichaka vya kienyeji ndani yake, na lantana itolewe pole pole. Na nusu ya ada ya kijana, mwaka mzima, ni juu yangu. Hilo la mwisho lilinitoka kinywani kwa shida, lakini lilikuwa haki. Nikitaka ndege akae, nisimwachie kaka gharama yake.

Jumatatu vijana walifyeka. Nilikuwa nimekwisha kurudi kazini Nairobi, na siku nzima sikutulia. Jioni kaka alipiga simu.

“Wamefyeka mpaka kwenye jiwe, wakaishia hapo,” alisema. “Ndege walikimbilia chini mtoni. Sikuwaona tena leo.”

Sikumwambia binti yangu usiku ule. Nilingoja siku mbili, tatu, nne. Siku ya tano simu ililia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Sikusikia salamu. Nilisikia zile kelele za akina mama kisimani, kisha sauti ya kaka.

“Sikia wageni wako. Nimehesabu watano. Mwambie huyo mtoto wangu wawili sijawaona, lakini kinda yuko.”

Nilimpelekea binti yangu simu kitandani. Alisikiliza huku amefumba macho.

Hatujui wale wawili walikwenda wapi. Huenda walihamia bonde la pili, na huenda nusu ya kichaka tuliyoikata ndiyo iliyowaponza. Nimekubali kuishi na swali hilo. Lakini najua jambo moja ambalo sikulijua nilipokuwa katika foleni ile: kumpoteza ndege kama huyu hakuhitaji msitu mzima kuchomwa. Robo ekari yatosha, pamoja na watu wawili wasio na nafasi ya kusemezana.

Nawe msomaji, Krismasi hii ukienda mashambani, na ukaambiwa kuna kichaka kando ya maji kinachotakiwa kukatwa, usiseme “kata tu”. Nenda kwanza ukae hapo asubuhi moja, na ukiweza, nenda na mtoto.